Nimero ya Mdogo Wangu

Nitasema wazi tangu mwanzo, ili asiyependa afunge na kwenda zake: nimewahi kukimbia mbio za watu na nimero ya bandia kifuani. Nimero hiyo niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii, tena vizuri kuliko wale walioandaa mbio. Mimi ni mshonaji. Atelye yangu iko Ndosho, kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkano, na kazi yangu kubwa ni iniforme. Si za askari. Ni zile za sherehe: mtu akioa, akibatiza, akizikwa, ukoo mzima unavaa kitambaa kimoja. Hapa kwetu Goma ukienda harusini na nguo ya rangi yako mwenyewe, watu watakuuliza kwa upole kama umepotea njia.

Aliyekuwa mkimbiaji kweli ni mdogo wangu. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na tano na aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila asubuhi alishuka ufukweni Kituku, akangojea mitumbwi, akajaza beseni, akalibeba kichwani mbio mpaka sokoni Birere, maana sambaza hawangoji mtu na jua nalo halingoji. Alifanya hivyo miaka saba. Watu wengine wana kocha. Yeye alikuwa na samaki wanaotaka kuoza.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, aliingia katika mbio za mji bila kujiandikisha. Aliona watu wanapita wakikimbia, akamwachia jirani beseni tupu, akawafuata. Alifika wa tatu kati ya wanawake. Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wanaume watu wazima, alikuwa na daftari anaandika wanaofika; alimtazama kifuani, akainua kalamu yake, akamwambia, "Mama, hauna nimero. Haukufika."

Alipotusimulia nyumbani nilicheka sana. "Kama haukufika, hii miguu iliyokuleta ni ya nani?" Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti akipangusa vumbi kwenye vidole, akasema mwaka ujao atakuwa wa kwanza kuandikwa.

Na kweli, mwaka uliofuata tangazo lilipobandikwa, lilikuja na jambo jipya. Wanawake watatu wa kwanza katika kilomita kumi wangeingia katika timu ya mkoa: kambi ya mazoezi, viatu vya kweli, na safari ya kwenda Kinshasa kushindana na wenzao. Ila timu haipokei mtu aliyepita miaka ishirini na tano. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya mwaka huo wa mwisho kabisa. Asipoingia mara ile, asingeingia tena, angebaki na beseni lake mpaka shingo izeeke. Kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Siku ya kwanza ya kuandikwa alikuwa mlangoni na kadi yake ya kura, ndiyo kitambulisho chetu, kabla ofisi haijafunguliwa. Wakampa nimero mia mbili kumi na nne, mraba wa karatasi ngumu na pini nne, pamoja na fomu yenye masharti. Fomu ile aliisoma yote kisha akaweka sahihi. Sisi wengine hakuna aliyeisoma, tulifurahia pini. Nimero aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, mahali ilipokuwa rozari. Rozari ikahamishiwa msumari mwingine.

Jumapili moja baada ya misa tulikaa uani kwetu, akina mama wa kundi la kanisa la mtaa. Mkubwa wetu alikuwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, mwanamke aliyezika waume wawili na kuwa prezida wa kila kitu kingine. Mdogo wangu hakuwepo; alikuwa ametoka kwenda mazoezi. Mama mkubwa akakunja mikono tumboni, akatuangalia mmoja mmoja.

"Sasa mutoto wetu atakimbia peke yake, kama yatima?"

Lilikuwa jambo la aibu kweli. Mtu wetu akienda hospitali kujifungua, tunamsindikiza watu kumi. Akienda kuchumbiwa, tunajaa basi. Huyu anakwenda kutafuta maisha yake yote katika asubuhi moja, na sisi tukae nyumbani tunachambua maharagwe?

"Tutamusindikiza," mama mkubwa akasema. "Si kusimama kando ya barabara kama wapita njia. Tutakimbia naye."

Shida ilikuwa moja tu: daftari la kuandikwa lilikwisha kufungwa siku mbili nyuma. Nataka nieleweke. Hatukuwa watu wa kutaka kudanganya. Tungejiandikisha vizuri kabisa, kama tungekumbuka mapema. Tulikuwa tumechelewa, kama kawaida yetu, na mtu aliyechelewa haitwi mwizi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia, na wote wakaona nina akili.

"Barabara ni ya kila mutu," akasema mmoja. "Watatufukuza kwa barabara yetu?"

"Wanaangalia tu kifua," nikasema mimi, niliyekuwa nakumbuka ya mwaka uliopita. "Nimero ni kitambaa. Na vitambaa ni kazi yangu."

Mtu atauliza: mbona hamkutengeneza nimero tofauti tofauti? Hilo swali ni la mgeni. Hata halikupita uani siku ile. Tunamsindikiza nani? Yeye. Basi tunavaa ya kwake. Ukimshonea bibi arusi kitambaa chenye maua, shangazi zake utawavalisha chenye ndege? Wanawake kumi na saba, wote mia mbili kumi na nne, ili dunia yote ijue huyu mtoto ana watu. Mama mkubwa alilia machozi kidogo kwa uzuri wa wazo hilo. Tukakubaliana asiambiwe, tumshangaze.

Kesho yake, mdogo wangu alipokuwa Kituku, niliishusha nimero kwenye msumari nikaipeleka kwenye atelye. Nilichukua picha ya mbavu za mume wangu, ile aliyopigwa hospitalini alipoanguka na pikipiki, maana plastiki yake ni ngumu na inakatika vizuri. Nikachora tarakimu juu yake, nikakata kwa wembe. Kitambaa nilikuwa nacho, perkali nyeupe iliyobaki nilipolishonea kanisa vitambaa vya altare. Nikapiga rangi nyeusi kwa sponji, nikapiga pindo pande nne ili zisichanike. Hata nembo ya waandalizi niliiweka pembeni, na kwangu ilitoka imenyooka kuliko kwao.

Mume wangu alikuja kula mchana akazikuta zinakauka kwenye kamba. Alisimama hapo na kofia yake ya chuma mkononi.

"Mama watoto, hii ni foo."

"Foo namna gani?"

"Foo. Bandia. Nimero ni ya mutu mumoja. Ukivaa ya mwingine, unadanganya."

Jamani! Mume wangu ni motari, anabeba watu kwa pikipiki, na wakati ule gile aliyovaa juu ya shati kila siku ya Mungu, yenye nimero kubwa mgongoni, ilikuwa imeandikwa kwa binamu yake aliyehamia Butembo. Nikamtazama mgongo mpaka akaelewa. Akaketi, akala ugali wake, na mimi nikajiona nimeshinda kesi ya haki na batili kwa siku hiyo.

Nilirudisha nimero ya kweli kwenye msumari kabla mdogo wangu hajarudi. Nikaona imenywea kidogo kwa kupita mikononi mwangu, nikaipiga pasi.

Siku ya mbio tulisimama nyuma kabisa, pale Ndosho, tumevaa masweta juu ya nimero zetu kama watu wenye baridi. Mdogo wangu alikuwa mbele, katika mstari wa kwanza, anaruka ruka mahali pamoja. Filimbi ikalia. Tukavua masweta tukayafunga viunoni, tukaanza.

Sitaeleza sana habari za mwili wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na maisha yangu yote ni kukaa kwenye mashine. Mita mia tano za kwanza nilikuwa shujaa, watu wa Ndosho wanatushangilia, "Bamama, songa! Songa!" Baada ya hapo nilianza kukumbuka dhambi zangu. Kwenye meza ya maji tulipita kumi na saba, kila mmoja akachukua mifuko miwili, mmoja wa kunywa na mmoja wa kichwani. Nyuma yetu alikuja papa mmoja mzee kidogo, amevaa nimero yake ya karatasi, mashavu yameingia ndani kwa kiu. Alinyoosha mkono kwenye meza, hapakuwa na kitu. Aliangalia mfuko ulio mkononi mwangu, nusu yake nimeshajimwagia.

"Pole na mbio, mama," akaniambia, akaendelea kukimbia.

Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana unapata la kujibu.

Karibu na kilomita ya nne mama mkubwa alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Tukasimama wote. Njia ya mbio ilikuwa iende mpaka Birere, izunguke, ndipo irudi kando ya ziwa mpaka mwisho wake Kituku.

"Mutoto wetu ameisha kufika wapi saa hii?" akauliza.

"Mbali."

"Sasa akifika kule, nani atamupokea? Mugeni anafika, benyeji bako nyuma yake banahema?"

Hapo alisema neno la kweli. Harusini kwetu, watu wa nyumbani wanakuwa mlangoni kabla bibi arusi hajafika, na vitenge vyao wanavitandika chini apite juu yake. Ukoo unaofika baada ya bibi arusi ni ukoo wa kusikitikia. Basi tuliacha barabara. Tuliingia vichochoro, tukashuka kati ya nyua za watu, tukipiga hodi na kuomba radhi, kuku wanatukimbia, mpaka tukatokea juu ya Kituku tukiona maji. Wanane walikuwa wamebaki njiani. Tulikuwa tisa.

Tulitokea upande wa ndani wa kamba, barabarani penyewe, labda mita sitini kutoka mstari wa mwisho. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika bado. Watu waliojaa pande zote mbili wakaona kifua chenye nimero kinakuja, wakalipuka. Vigelegele, makofi, madumu yanapigwa! Nami nilikuwa mbele ya wenzangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba vitenge, na mahali pazuri pa kuvitandika palikuwa ng'ambo ya mstari. Nikakimbia nikauvuka. Papa mwenye daftari, yule yule wa mwaka uliopita, akanitazama kifuani, akainamisha kichwa, akaandika.

Ni mara moja tu katika maisha yangu nimekuwa wa kwanza. Nakiri nilisikia utamu.

Halafu akafika mia mbili kumi na nne wa pili. Halafu watatu kwa pamoja. Yule papa aliandika mara mbili, kalamu ikasimama. Akaita wenzake. Wakati huo ndipo alipotokea mwanamke wa kwanza wa kweli, msichana mrefu mwembamba, na nyuma yake, bila mtu hata mmoja katikati, mdogo wangu. Wa pili! Alikuwa anakuja na kifua mbele, miguu inagusa chini kidogo tu, katika njia ile ile anayopita na samaki kila asubuhi. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikauma. Nikatandika vitenge.

Alituona kwa mbali na akaanza kucheka kwa furaha. Kisha akawa karibu, macho yakashuka kwenye vifua vyetu, mmoja, wa pili, wa tatu. Kicheko kikaondoka. Alivuka mstari, akaruka vitenge vyangu kama mtu anavyoruka maji machafu, akasimama mbele yangu, pumzi zinamtoka.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, mumefanya nini?"

Walituita mezani. Mkubwa wa waandalizi alikuwa papa mwenye kofia nyeupe, mpole, na kwa upole wake alinitisha kuliko angepiga kelele. Alimwomba mdogo wangu abandue nimero yake, akaomba na ya kwangu, akaziweka pamoja. Ya kwake ilikuwa imelowa jasho, imechanika pini mbili, tarakimu ya mwisho imefutika nusu. Yangu ilikuwa safi, pindo zimekaa.

"Ya kweli ni hii," akasema, akagusa yangu.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Sekunde moja tu, lakini nilifurahi.

Wakaleta orodha na kadi ya kura, mambo yakanyooka, jina likaonekana ni la mdogo wangu. Ndipo yule papa akatoa ile fomu, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe na sharti lililo juu yake. Nimero ni ya mtu mmoja. Mwenyewe akimpa mwingine, wote wanafutwa.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia. "Watu wangu walikuona kila mahali, mpaka Birere. Ulikimbia vizuri. Lakini hapa kuna njia mbili tu. Kama hawa waliiba nimero yako, utaandika hapa kwamba waliiba. Polisi watabaki nao, na wewe utabaki wa pili, jina lako linaenda kwenye timu leo. Ao uliwapatia mwenyewe, na hapo nakufuta. Sasa niambie. Unawajua?"

"Atakosa namna gani kutujua?" Mama mkubwa alipaza sauti kabla mtu hajapumua. "Huyu ni damu yetu! Siye hatumukani mutu wetu!" Na akina mama wakapiga makofi, hata pale, kwa mazoea.

Mimi sikupiga makofi. Katika wote waliokuwa mezani, mimi nilikuwa nimeelewa. Wembe ulikuwa wangu, kitambaa changu, mkono ulioingia chumbani kwake wangu. Neno moja kutoka kinywani mwangu lingetosha, na yeye hangehitaji kusema chochote. Nililisikia neno lile limefika ulimini. Kisha nikawaza polisi. Nikawaza atelye imefungwa, mashine imechukuliwa, Ndosho yote inasimulia mshonaji wa altare amelala mahabusu. Nikawaza pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba atalinyoosha jambo hilo vizuri mwenyewe, ana akili huyu mtoto, amesoma masharti.

Alikuwa ananiangalia. Hakumwangalia mama mkubwa, wala papa wa kofia. Aliniangalia mimi muda mrefu. Nami nikatabasamu kumtia moyo.

"Ninabajua," akasema mwishoni. "Huyu njo yaya yangu. Nilibapatia mimi."

Yule papa alingoja kidogo, kama anampa nafasi ya kurudisha maneno. Hakuyarudisha. Akapiga mstari kwenye orodha. Siku ile barabarani palikuwa na nimero za bandia kumi na saba, lakini aliyesema uongo kwa mdomo wake ni yule mmoja aliyekuwa na ya kweli.

Tulirudi kwa miguu. Akina mama waliwasema sana waandalizi, jinsi wasivyo na utu, jinsi watu wa makaratasi wanavyoua vipaji vya maskini. Mimi pia niliwasema. Nilikuwa na maneno mengi kuliko wote. Mdogo wangu alitembea mbele yetu, viatu mkononi.

Hakunikasirikia, angalau si kwa namna ambayo mtu anaweza kuomba msamaha. Aliamka, akashuka ziwani, akarudi, akanisalimia. Zilipita wiki mbili. Asubuhi moja alipita mbele ya atelye na beseni kichwani, nikamwita kivulini, nikamsaidia kulitua. Nikamuuliza lile nililokuwa nalizunguka.

"Juu ya nini haukusema ukweli pale mezani? Ungesema tu tulichukua bila wewe kujua."

Alikuwa anapanga kata yake ya kichwani, anaizungusha taratibu ikae sawa.

"Mimi ningesema vile, yaya, ingekuwa kukushitaki. Weye ungesema, ingekuwa tu ukweli." Akainama kuchukua beseni. "Nilingoja useme. Nilikuangalia mpaka nikachoka."

Nikamtwisha. Aliondoka na njia yake, na mimi nikarudi kwenye mashine. Niliiba. Nimeliandika neno hilo leo, na mdogo wangu ana miaka thelathini.